Kugeuza mayai kila saa bila kusimamisha programu nzima ya Arduino

mfugaji_kihonda

Habari zenu wakuu. Nimejitengenezea mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga yenye nafasi ya mayai 60, na inaendeshwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayopangiwa kazi kwa programu. Kihisi cha joto na unyevu ni DHT22, joto linatokana na balbu 2 zinazowashwa na kuzimwa kwa rilei (swichi inayoendeshwa na bodi), na trei ya mayai inageuzwa na mota ndogo ambayo nayo ina rilei yake. Kuna pia skrini ya mistari 2 na kitufe kimoja cha kunyamazisha king'ora. Nikijaribu kila kifaa peke yake kinafanya kazi bila tatizo. Shida inaanza vyote vinapokaa ndani ya programu moja.

Katika loop(), yaani sehemu ya programu inayojirudia bila kikomo, ninasoma joto, ninaamua balbu ziwake au zizimike, ninaandika kwenye skrini, kisha ninaweka delay(2000), amri ya kusimama kwa milisekunde 2000, kwa kuwa DHT22 haitakiwi kusomwa zaidi ya mara moja kila sekunde 2. Nina kigeu (namba inayotunzwa ndani ya programu) kinachoongezeka kwa 1 katika kila mzunguko, na kikifika 1800 ninachukulia kwamba saa moja imetimia. Hapo ninawasha mota, ninaweka delay(40000) ili trei ilale upande wa pili, ninazima mota, na kigeu kinarudi 0.

Mambo matatu yananisumbua. La kwanza ni kwamba mota ikianza wakati balbu zinawaka, balbu hazizimwi mpaka zile sekunde 40 ziishe. Juzi nikiwa nimesimama mbele ya kioo cha mashine nilikiona kipimajoto cha kawaida nilichokiweka pembeni ya trei kikitoka 37.6 hadi karibu 39, huku skrini ikiendelea kuonyesha 37.6 kana kwamba hakuna kilichotokea. La pili, kitufe cha king'ora lazima nikishikilie kwa muda ndipo kisikie, na mota ikiwa inazunguka hakisikii kabisa. La tatu, saa yangu si saa: nilikaa na simu mkononi nikaona mota inawaka baada ya saa moja na dakika 4 na ushei.

Ninaomba msaada wa namna ya kuifanya kazi inayojirudia kila baada ya muda fulani bila kuzifungia kazi nyingine. Rafiki yangu ameshauri ninunue bodi ya pili kwa ajili ya mota peke yake, lakini nina wasiwasi kwamba nitakuwa ninanunua bodi kila nikiongeza kifaa.

fundi_redio

Mkuu, bodi ya pili usiinunue. Uno uliyonayo ina nafasi ya kufanya kazi hizo zote na muda mwingi ukabaki bure. Sasa hivi imekosa nafasi kwa sababu umeiamuru isimame.

Ukiandika delay(40000), prosesa haiendi kufanya jambo lingine halafu ikarudi. Inaingia katika kitanzi kidogo ambacho kazi yake ni kutazama saa ya ndani, kuitazama tena, na kuitazama tena, mpaka milisekunde 40,000 zipite. Kwa hiyo saa ipo tayari na inakwenda tangu bodi ilipowashwa. Unachohitaji ni kuitazama wewe mwenyewe kwa millis(), amri inayotaja milisekunde zilizopita tangu bodi iwashwe, mara moja katika kila mzunguko, na kama muda haujafika unapita kwenda kwenye kazi inayofuata bila kungoja.

Kitu cha pili cha kubadilisha ni namna unavyoihesabu kazi ya mota. Umeichukulia kama kazi moja yenye urefu wa sekunde 40, lakini kwa upande wa programu hakuna kazi ya sekunde 40. Kuna kuwasha, ambako kunachukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kuna kuzima, ambako ni vivyo hivyo. Katikati hapo mota inajizungukia yenyewe na programu haina la kuifanyia. Kila ulipoweka delay() ni mpaka kati ya tukio moja na jingine, na mipaka hiyo ndiyo unayoigeuza kuwa maswali:

```
unsigned long mwishoKusoma = 0;
unsigned long mwishoKugeuza = 0;
bool motaInazunguka = false;

void loop() {
  unsigned long sasa = millis();

  if (sasa - mwishoKusoma >= MUDA_WA_KUSOMA) {
    mwishoKusoma = sasa;
    somaJotoNaAmuaBalbu();
  }

  if (!motaInazunguka && sasa - mwishoKugeuza >= SAA_MOJA) {
    mwishoKugeuza = sasa;
    motaInazunguka = true;
    digitalWrite(PINI_MOTA, HIGH);
  }

  if (motaInazunguka && sasa - mwishoKugeuza >= SEKUNDE_40) {
    motaInazunguka = false;
    digitalWrite(PINI_MOTA, LOW);
  }

  angaliaKitufe();
}
```

Mizunguko mingi ya loop() hapo haitafanya lolote zaidi ya kuuliza maswali matatu, kujibiwa hapana, na kukitazama kitufe. Hilo lisikutie shaka, kwa sababu ndilo linalofanya kitufe kisikike papo hapo na balbu zizimwe kwa wakati hata trei ikiwa njiani. Kama rilei yako ni ya aina inayowaka kwa LOW (pini ikiwa haina volti) badala ya HIGH (pini ikiwa na volti), kama zilivyo nyingi za bei nafuu, badilisha HIGH na LOW mahali pake.

Kuhusu dakika zako 4: ulikuwa unahesabu mizunguko badala ya kuhesabu muda. Kila mzunguko ulikuwa sekunde 2 za delay() pamoja na muda wa kusoma kihisi na wa kuandika kwenye skrini, na ziada hiyo ndogo ukiizidisha mara 1800 unapata hizo dakika. Ukitazama saa, tatizo hilo linaondoka lenyewe.

mwanafunzi_umeme

Ninaomba kuongezea mawili, na wakubwa watanisahihisha. Kwanza, je, si bora kutumia katizo la taima, yaani ile ishara inayoisimamisha prosesa kwa nguvu muda ukifika, ikafanye kazi fulani halafu irudi ilipokuwa? Naona ndiyo njia ya kitaalamu zaidi kuliko kuuliza saa kila mara. Pili, millis() inarudi sifuri baada ya siku 49 hivi, kwa hiyo nadhani inafaa kuweka amri ya kuiwasha bodi upya kabla ya siku hiyo, la sivyo mota itakwama.

binti_wa_maikro

Ndugu mwanafunzi, hoja zako zote mbili husikika mara kwa mara, kwa hiyo nitazijibu kwa urefu kidogo.

Nikianza na siku 49: ni kweli kwamba millis() inatunzwa katika namba ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1) isiyo na alama ya hasi, kwamba upeo wake ni 4,294,967,295, na kwamba ikifika hapo, yaani baada ya siku 49 na saa 17, inaanza tena 0. Si kweli kwamba mota itakwama, ila kwa sharti moja, nalo ni kwamba ufanye hesabu ya kutoa kama alivyofanya fundi, yaani `sasa - mwishoKugeuza`. Chukua mfano wa kugeuza kulikofanyika saa ilipokuwa 4,294,967,000, na sasa saa imeshavuka ikawa 704. Ukikokotoa 704 kutoa 4,294,967,000 kwa namba zisizo na hasi, jibu halitoki nje ya biti 32. Linazunguka na kuwa 1000, na kwa hakika ni milisekunde 1000 zilizopita: 296 za kuvuka na 704 za baada ya kuvuka. Kinachovunjika ni pale mtu anapoandika `sasa >= mwishoKugeuza + SAA_MOJA`, kwa sababu hapo jumla ndiyo inayovuka na kuwa namba ndogo, na sharti linakuwa kweli mfululizo wakati halijafika. Kwa macho sharti hizo mbili zinafanana kabisa, na hisabati ya darasani inasema ni kitu kimoja, lakini ndani ya bodi si kitu kimoja. Kuiwasha bodi upya ili kuukwepa ukingo huo ni kuongeza tatizo mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Sasa katizo. Ninayatumia na ninayapenda, lakini si kwa trei ya mayai. Taima nambari 1 ya Uno ni ya biti 16, na hata ukiipunguza kasi kwa kigawanyo chake kikubwa kabisa cha 1024 kwenye bodi ya megahezi 16, itajaa baada ya sekunde 4 na kidogo. Maana yake ni kwamba ili upate saa moja utalazimika kuyahesabu makatizo yenyewe ndani ya kigeu, na hapo umerudi kule kule kwenye kuhesabu ulikokuwa unakukimbia. Zaidi ya hilo, prosesa ikiwa ndani ya katizo, makatizo mengine yamezuiwa: millis() haisogei, na delay() inaweza isiishe kabisa. Nimewahi kumwona mtu akiisoma DHT22 ndani ya katizo, halafu akashangaa bodi imeganda. Katizo liachie mambo yasiyoweza kusubiri hata milisekunde chache, kama vile kuhesabu mapigo ya mita ya maji, na hata hapo litakalofanyika ndani yake liwe ni kuongeza kigeu kilichotangazwa kuwa volatile (yaani kinachoweza kubadilika wakati wowote), kisha loop() imalizie. Mayai yakichelewa kugeuzwa kwa robo sekunde, hakuna kifaranga atakayejua.

Kwa mwenye mada, nina tahadhari moja kuhusu kigeu `sasa`. Fundi amekichukua mara moja juu ya loop(), na ni vizuri, lakini ukija kuandika fanksheni nyingine ambayo ndani yake inaiita millis() upya na kuiweka katika `mwishoKugeuza`, alama hiyo inaweza kuwa mbele ya `sasa` kwa milisekunde moja au mbili. Ukitoa hapo hupati hasi moja. Unapata 4,294,967,295, na kila sharti linaitika kwamba muda umepita zamani. Chagua chanzo kimoja cha saa kwa kila mzunguko na ukishikilie hicho.

mfugaji_kihonda

Nawashukuru sana, fundi na dada. Nimeandika upya kama mlivyoelekeza na balbu sasa zinaitika hata trei ikiwa inageuka. Lakini nimekutana na jambo ambalo sielewi. Kwa majaribio nilianza na muda mfupi, sekunde 10 kati ya kugeuza na kugeuza, na mota izunguke sekunde 5, na ilifanya kazi barabara kwa nusu saa nzima. Baada ya kuridhika nikaweka muda halisi, nikawasha saa 2 asubuhi, na mpaka saa 6 mchana mota haijazunguka hata mara moja. Sikugusa kitu kingine chochote. Mistari yenyewe ni hii:

```
const unsigned long SAA_MOJA   = 60 * 60 * 1000;
const unsigned long SEKUNDE_40 = 40 * 1000;
```

fundi_redio

Mkuu, hilo ni kosa langu kwa kutokuandika mistari hiyo pamoja na mingine.

Kwenye Uno, namba uliyoiandika bila kuitambulisha, kama 60 au 1000, ni int (aina ya namba nzima), na int ya bodi hii ni biti 16 tu, ambayo mwisho wake ni 32,767. Hesabu ya kuzidisha inafanyika kwanza ndani ya kibuyu hicho kidogo, na jibu likishapatikana ndipo linapohamishiwa kwenye unsigned long yako, ile aina ya biti 32 isiyo na hasi. Kuhamishia kwenye chombo kikubwa maji yaliyokwisha kumwagika hakuyarudishi. Mara 60 kwa 60 ni 3,600, inaenea; zidisha kwa 1000 inakuwa 3,600,000, haienei, na kinachobaki ndani ya biti 16 ni -4,480. Namba hiyo ya hasi ikiingia kwenye kigeu kisichojua hasi inasomeka 4,294,962,816. Kwa maneno mengine, umeiambia mashine igeuze mayai kila baada ya siku 49 na saa 17, ilhali kuku hutotoa siku ya 21.

Majaribio yako yalipita kwa sababu 10 * 1000 ni 10,000, nayo inaenea. Hata 30 * 1000 ingepita. Zile sekunde 40 zingekukwamisha pia, maana 40,000 imeshavuka, na hilo lingekuwa baya zaidi: mota ingewaka na isizime. Andika hivi:

```
const unsigned long MUDA_WA_KUSOMA = 2500UL;
const unsigned long SAA_MOJA       = 60UL * 60UL * 1000UL;
const unsigned long SEKUNDE_40     = 40UL * 1000UL;
```

Herufi UL ndizo zinazosema hesabu ifanyike katika chombo kikubwa tangu mwanzo. Kisha nenda kwenye mipangilio ya programu ya Arduino, mahali pa maonyo ya kompaila (kitafsiri cha programu), uyawashe yote. Kwa kawaida yanakuja yakiwa yamezimwa, na onyo la namba kufurika lingekuambia habari hii kabla hujasubiri saa 4. Ukija kuhamia bodi ya ESP32 kosa hili hutaliona, kwa sababu int yake ni biti 32, na ndiyo maana programu iliyokopwa kutoka bodi moja huweza kugoma kwenye nyingine bila mtu kubadilisha hata nukta.

mama_vifaranga

Wanangu, mimi ni mfugaji kwanza na programu nimejifunza ukubwani, kwa hiyo nitasema kwa upande wa mayai.

Hiyo millis() inaanza 0 kila umeme unaporudi. Kwa kugeuza kila saa si neno, yai halitakufa kwa kuchelewa dakika 50 siku moja. Lakini mashine ikiwa inahesabu pia siku, ili iache kugeuza siku ya 18 na kumkumbusha mwenyewe kuongeza unyevu, umeme ukikatika siku ya 11 itaamka ikidhani ni siku ya kwanza, na itaendelea kuyapindua mayai ambayo vifaranga wameshajipanga kutoka. Tunza idadi ya saa zilizopita ndani ya EEPROM ya bodi, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, au nunua saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake. Ukitumia EEPROM, andika mara moja kwa saa, pale pale unapowasha mota; kwa siku 18 ni maandiko 432, na kila sehemu ya kumbukumbu hiyo imehakikishiwa maandiko 100,000. Mimi mara ya kwanza niliweka mstari wa kuandika nje ya sharti la muda, kwa hiyo ukawa unaandika namba mpya kila mzunguko wa loop(). Kila andiko linachukua milisekunde 3 na kidogo. Pigeni hesabu wenyewe: dakika 5 na nusu, dhamana imekwisha.

Jingine ni la hatari zaidi. Waya wa DHT22 ukilegea, maktaba hairudishi joto, inarudisha kitu kisicho namba. Ukiuliza kama kitu hicho ni kidogo kuliko 37.4, jibu ni hapana. Ukiuliza kama ni kikubwa kuliko 37.8, jibu ni hapana vile vile. Kwa hiyo kama balbu zilikuwa zinawaka, zitabaki zinawaka, na programu haina kosa lolote la kuonyesha. Mimi nilipoteza trei nzima namna hiyo, na harufu nilikaa nayo wiki. Weka isnan(), yaani swali la kama kilichorudi si namba, mbele ya maamuzi yote, na jibu lake liwe ni kuzima balbu na kupiga king'ora. Na pembeni ya programu yote weka swichi ya joto isiyotegemea bodi, inayokata umeme wa balbu joto likivuka kiwango.

binti_wa_maikro

Mama amesema kweli. Niongeze tu kwamba sasa ambapo hakuna delay() ndefu, mfugaji anaweza kuiwasha taima ya ulinzi iliyomo ndani ya Uno, ambayo huiwasha bodi upya ikiwa programu haijaigusa kwa muda uliopangwa. Upeo wake ni sekunde 8, kwa hiyo kwa programu ya zamani yenye delay(40000) ingeiwasha bodi upya katikati ya kila kugeuza. Weka wdt_enable(WDTO_8S) katika setup(), sehemu inayofanyika mara moja bodi ikiwaka, na wdt_reset() mstari wa kwanza wa loop(). Ikitokea programu imeganda, haitapita nusu dakika balbu zikiwa hazina msimamizi.

mfugaji_kihonda

Shikamoo mama, na pole kwa hiyo trei. Nimeweka UL, isnan(), kuandika EEPROM ndani ya sharti la mota, na taima ya ulinzi. Jana nimeiacha na mayai 12 tu ya kujaribia na nikaandika joto kila mota ilipozunguka: katika mizunguko 9 halikutoka nje ya 37.4 na 37.9, na kugeuza kulikuwa kila saa kwa tofauti ya sekunde ambazo sikuweza kuzipima kwa simu. Nimeuchomoa waya wa kihisi makusudi, na balbu zikazima ndani ya sekunde 3.

Limebaki dogo ambalo nimelitatua mwenyewe, naliandika kwa atakayekuja nyuma yangu. Baada ya kuondoa delay(2000) skrini ilianza kumeta-meta kiasi cha kutosomeka, kwa sababu lcd.clear() sasa ilikuwa inaitwa mfululizo bila kupumzika. Nimeipa skrini saa yake ya tatu, kila milisekunde 500, na badala ya kufuta yote ninaandika juu ya tarakimu za joto peke yake. Swichi ya joto ya kukata balbu naifuata mjini Jumamosi, na mayai 48 yaliyobaki hayaingii mpaka iwe imefungwa.